Kimya Katika Chumba cha Tatu

Mashine ya pili ilikuwa imening'inizwa kwenye ndoano ya karakana, tumbo lake bado linawaka. Tumpe Mwakatobe alikuwa ameazimia asilitazame, na kwa sababu hiyo hakuwa ametazama kitu kingine chochote tangu afungue mlango.

/msaada/isumbi/ambakisye-mwakatobe/kifua/subilaga

Mashine za msaada, zile zinazoruka kupeleka mizigo na matibabu, haziweki kumbukumbu nyingine yoyote zaidi ya hiyo. Ndivyo sheria ilivyotaka. Watu wa zamani walifuatwafuatwa na simu zao mpaka chooni, wakachoka, wakaamua kwamba kisiwepo tena chombo kinachojua mtu yuko wapi isipokuwa mtu huyo akisema mwenyewe kwa mdomo wake. Unasema unachotaka kwenye bangili, maneno yako yanageuka anwani, anwani inaandikwa kwa taa tumboni mwa mashine ili majirani waisome ikipita na waielekeze ikipotea. Inabaki hapo mpaka mashine itumwe safari nyingine. Baada ya safari hiyo imefutika, hata aliyeitengeneza hawezi kuirudisha.

Aliyeitengeneza ni Tumpe. Zamani anwani zilikuwa mkururo wa namba na alama za kuuliza, na ukikosea tarakimu moja, imekula kwako. Baba yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliwahi kuagiza maji ya tangi akaletewa saruji. Kijiji kilimtania mwaka mzima. Tumpe alikuwa bado chuoni, na aliposikia habari ile alicheka na wenzake, kisha akakaa kitandani akaona uchungu, maana baba yake alikuwa mtu wa kusahihisha makosa ya wengine, si wa kuchekwa kwa yake.

Ndipo akabuni anwani safi. Maneno ya kawaida tu, yaliyotenganishwa na mikwaju, vile vistari vya kulala. Kila neno lina chumba chake: cha kwanza unataka nini, cha pili kitongoji gani, cha tatu kwa nani, cha nne shida gani, cha tano nani anaita. Mashine haielewi maneno. Inachojua ni kwamba kilichokaa chumba cha tatu ni jina la mtu wa kupelekewa, basi. Kwa hiyo vyumba visihame. Mtu akiruka jina, neno "kifua" litasogea chumba cha tatu, na mashine itazunguka Isumbi nzima ikimtafuta bwana mmoja aitwaye Kifua.

Ili lisitokee hilo, Tumpe aliandika kanuni fupi. Chumba cha tatu kikiwa kitupu, kijazwe mahali pa kukutania pa kitongoji. Isumbi hapo ni banda la kupimia chai. Mashine iende pale, itue, itangaze kwamba imefika, na watu waliopo waielekeze. Aliipenda sana kanuni hiyo. Mfumo wake haukuwa na neno "sijapata". Wazee waliogopa kuambiwa anwani yao haipo, wengine walizima bangili wasizishike tena, naye akaapa kwamba mashine zake hazitamrudisha mtu mlangoni.

Siku ya majaribio alimketisha baba yake pembeni, mbele ya wakubwa wote wa Idara ya Anwani. Akaanza kuita: msaada, Isumbi. Hapo ulimi ukamkwama kwa woga. Mzee Ambakisye aligonga vidole viwili gotini, taratibu, kama alivyokuwa akigonga Tumpe alipokuwa darasa la kwanza na kukwama katikati ya sentensi. Maana yake ilikuwa moja tu: endelea, usiogope. Tumpe akalitamka jina la baba yake kwa sauti, mashine ikatua mbele ya mzee na chupa ya chai, watu wakapiga makofi.

Majaribio mengine yote yalifanywa na wana na mabinti wa Isumbi. Hakuna aliyekumbuka kumwita hata mkamwana mmoja.

"Pole tena kwa msiba, Injinia."

Nkwabi, mkuu wa idara, alikuwa mlangoni akikung'uta matope ya viatu. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole, ambaye kila mtu alimpenda mpaka siku ya kutofautiana naye.

"Ahsante, bosi."

"Kesho baraza la kata linakaa pale kwenu. Wanazitaka mashine zote mbili."

"Najua."

"Ya kwanza tumbo linasema banda la chai. Ya pili linasema jina la mzee, na ilifika chap." Alivuta kigoda akakaa. "Mimi naona mambo yamejieleza. Wifi yako aliita vibaya, halafu akaita vizuri, muda ukawa umekwenda. Inasikitisha. Lakini mfumo hauna kosa."

"Hakusema banda la chai."

"Tumbo linasema."

"Tumbo linasema nilichoandika mimi. Yeye alinyamaza. Kanuni yangu ndiyo iliyojaza."

Nkwabi alielewa haraka, hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Anwani ilikuwa safi kiasi kwamba huwezi kuona neno lipi limetoka mdomoni mwa mtu na lipi limetoka kwa fundi.

"Nani mwingine anajua habari ya kanuni hiyo?"

"Wewe. Sasa hivi."

"Na iko kila kata?"

"Kila kitongoji, na mahali pake."

"Basi sikiliza, dada yangu. Ukisema hayo mbele ya baraza, watazima wilaya nzima siku hiyohiyo, na hawatawasha mpaka umalize kurekebisha. Masika hii. Barabara ya Masoko imekatika, gari haliendi. Nani atawafikia wanaojifungua kule? Wewe rekebisha kimyakimya, mashine zikiwa zinafanya kazi. Hakuna atakayekufa."

"Na Subilaga?"

"Atasemwa, kisha watasahau. Watu wanasahau."

"Hukukulia Isumbi, bosi."

"Sikukulia," Nkwabi alikubali. Akanyanyuka, akamgusa bega, akaenda zake.

*

Nyumbani matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na nyavu za kuvunia maji juu ya mapaa zilidondosha tone baada ya tone kwenye mapipa. Wanawake walikaa uani kwenye mikeka, na katikati yao shangazi Sekela, dada mkubwa wa marehemu, hakupunguza sauti alipomwona Tumpe akipita.

"Banda la chai," alikuwa akisema. "Mtu ana mgonjwa ndani, anaita daktari aende banda la chai. Akapimwe kilo, au?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mwambie huyo jikoni kesho aje na majibu. Akikosa, arudi kwao Kyela akatafute majibu huko. Watoto watabaki kwao hapa."

Asajile, mdogo wake Tumpe na mume wa Subilaga, alikuwa na wanaume upande wa pili. Alikuwa ametoka bwawani Rufiji alikofanya kazi, akawakuta wanachimba kaburi. Alisikia maneno ya shangazi yake, na aliinamisha kichwa akaendelea kuchokonoa tope na kijiti. Tumpe alimpenda mdogo wake, lakini saa ile alitamani kumtikisa.

Jikoni Subilaga alikuwa anamenya ndizi. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Alisogea kumpisha wifi yake kwenye kigoda, kisha akaendelea kumenya.

"Niambie mwenyewe, wifi," Tumpe alisema. "Yote. Kesho nataka nijue."

Watu wa mjini wanadhani mila ile imekufa. Haikufa. Isumbi, mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, hamtazami usoni, na jina lake halimtoki mdomoni hata afe. Mzee Ambakisye aliishi kinyumba kidogo ng'ambo ya ua. Subilaga alimpikia kila siku, akampelekea chakula mpaka kizingitini, akakiweka kwenye stuli, akakohoa na kuondoka. Kwa njia hiyo walipendana sana. Mzee akila vizuri alirudisha bakuli likiwa limeoshwa, na bakuli lililooshwa lilikuwa shukrani yake.

"Watoto walikuwa shule," Subilaga alisema. "Nikasikia kitu kimeanguka. Nikakohoa mlangoni, kimya. Nikakohoa tena. Nikaingia."

"Ukaingia ndani."

"Ningefanyaje? Alikuwa kwenye kiti, mkono kifuani, kiko chake cha tumbaku chini. Nikampa mgongo, nikaangalia ukuta, nikaita. Nikasema msaada, Isumbi. Halafu," akanyamaza kidogo, "halafu kifua, Subilaga."

Tumpe alikisikia kile kimya. Alikuwa amekisikia maisha yake yote, kwa mama yake, kwa wake za majirani. Mwanamke anaongea, anafika mahali pa jina, ananyamaza, na kila mtu anajua ni nani. Kwa Isumbi kimya hicho ni jina kamili. Hata mtoto mdogo akitumwa na mama yake ampelekee chakula fulani asiyetajwa, haulizi.

"Ikakwambiaje?"

"Ikaniambia msaada umefika." Subilaga alitua kisu. "Nikatoka nje mbio. Ukungu mtupu, hata migomba siioni. Nikasema labda inashuka. Nikakimbilia barabarani, nikarudi. Nikaiuliza tena, ikasema umefika. Nikaamini, wifi. Wewe ndiye uliyeitengeneza, nikajua haiwezi kunidanganya."

Tumpe angepigwa kibao kisingemuuma hivyo.

"Niliporudi ndani alikuwa anapumua vibaya. Nikageuka nikamtazama. Mara ya kwanza tangu niolewe. Naye ananitazama, hawezi kusema, ila anagonga vidole hapa gotini, viwili, hivi." Akaonyesha kwa mkono wenye utomvu. "Alikuwa amekasirika, mimi kusimama mbele yake vile. Nikasema basi, akasirike. Nikaita tena, nikalitamka. Lote, na la ukoo. Kwenye masikio yake."

"Alianza kugonga ulipolitamka?"

"Hapana. Nilimkuta anagonga."

Tumpe aliinuka akaenda kwenye ndoo, akachota maji ambayo hakuyahitaji, akayanywa akiwa ameukabili ukuta. Alijua vidole vile vilikuwa vinasema nini, na alijua pia kwamba mtu aliyegeuza mgongo hawezi kuona vidole, hata vikigonga tangu mwito wa kwanza. Hakuthubutu kugeuka mpaka alipokuwa na hakika na uso wake.

"Ile ya pili," Subilaga alisema nyuma yake. "Ina jina tumboni, na langu liko mwishoni. Ilipokuja ukungu ulikuwa mzito, hakuna aliyeiona. Ifute."

"Nikiifuta watabaki na ile ya banda peke yake. Watasema ulikuwa huna akili."

"Waseme. Mjinga anaweza kukaa na watoto wake. Lakini Sekela akisoma kwamba nilimtaja baba akiwa anakata roho, atasema nilimfukuza duniani kwa mdomo wangu." Akashika kisu tena. "Labda ni kweli. Sijui. Alikuwa amekasirika sana."

Tumpe alitaka kusema hapana, hakukasirika. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Maana nusu ya pili ya habari ile ingefuata ya kwanza, na hakuwa na moyo wa kumpa mwanamke yule nusu ya pili siku moja kabla ya baraza.

*

Baraza lilikaa chini ya banda la kupimia chai, maana hakukuwa na paa lingine la kutosha watu wote. Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani, aliketi kando ya mizani. Mashine ya kwanza ilisimamishwa pale mbele kwa miguu yake mirefu kama ya korongo, tumbo linawaka banda-la-chai. Ya pili Tumpe aliiacha kwenye gari la idara, chini barabarani, imefunikwa turubai. Alipoulizwa, alisema ni kwa ajili ya unyevu. Nkwabi alimtazama kidogo.

Nkwabi alieleza vizuri, bila kumsimanga mtu. Alisema mfumo huenda unakoambiwa. Alisema mwitaji alitaja banda, mashine ikaenda banda. Baadaye alitaja nyumba, mashine ikaenda nyumbani, nao wataiona sasa hivi. Watu waligeuka kumtazama Subilaga aliyekaa pembeni, khanga imemfunika mpaka kwenye paji. Shangazi Sekela alisonya.

"Iletwe hiyo ya pili," mwenyekiti akasema.

"Naomba niilete mimi," Tumpe alisema, akasimama.

Usiku kucha alikuwa amepima jambo hili na lile, na yote yalikuwa mazito. Aliwafikiria wanawake wa Masoko, aliowajua kwa idadi tu, si kwa sura. Alimfikiria huyu mmoja anayemjua. Hakuwahi kuamua. Alijikuta tu amesimama na bangili iko karibu na mdomo.

"Msaada," alisema kwa sauti ya kusikika. "Isumbi."

Kisha akanyamaza. Alinyamaza kama mama yake alivyokuwa akinyamaza, pumzi moja tu, macho chini. Wanawake waliokuwa kwenye mikeka waliinua vichwa.

"Kifua. Tumpe."

Kule barabarani turubai lilitikisika likaanguka. Mashine ya pili ilipanda juu ya chai, ikapita vichwa vya watu, ikatua kando ya mizani. Tumbo lake liliwaka kwa maneno mapya, yale ya siku ya msiba hayapo tena.

/msaada/isumbi/banda-la-chai/kifua/tumpe

"Msaada umefika," ikasema, kwa sauti yake njema ya kike ambayo Tumpe mwenyewe aliichagua.

"Mmenisikia nikisema banda?" aliuliza. "Sikusema. Nilinyamaza mahali pa jina, na mashine ikajaza yenyewe, kwa sababu mimi niliiagiza ijaze. Niliona aibu mfumo wangu useme haujui. Kwa hiyo nikaufundisha kusema umefika hata kama haujafika. Subilaga aliita sawasawa. Mimi ndiye niliyempeleka daktari wa baba yangu kwenye mizani ya chai, siku banda halina mtu."

Mvua ilianza kugonga bati. Nkwabi alikuwa ameweka uso wake mikononi.

"Alinyamaza," shangazi Sekela alisema polepole. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Bila shaka alinyamaza. Mkamwana wa watu angefanyaje?" Akawatazama wanawake wenzake. "Mimi la baba mkwe wangu sijalitamka mpaka leo, na mwenyewe yuko kaburini tangu meno yangu yote yapo."

Mwenyekiti aliandika kitu, kisha akavua miwani. "Injinia, kwenye hii ya pili palikuwa na anwani ya siku ile. Umeifuta mbele ya baraza."

"Ndiyo, mwenyekiti. Nimetumia mashine isiyostahili kutumika. Mniandikie na hilo."

"Sasa tutajuaje? Mara ya kwanza alinyamaza, ikaja hapa. Mara ya pili ikafika nyumbani. Ilifikaje?"

Swali hilo Tumpe alikuwa amelingojea, na lilipokuja akaikazia macho mizani. Subilaga alizidi kuinama mpaka khanga ikagusa magoti. Asajile, mumewe, alikuwa anamtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

Shangazi Sekela alimkazia macho mkamwana yule kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzima, si mjinga, na alijua njia ya kuifikisha mashine mlangoni ni moja tu. Uso wake ulibadilika, ukawa wa hasira, kisha ukawa wa mtu aliyechoka.

"Ilifika," alisema. "Inatosha, mwenyekiti. Sisi wenye marehemu tumeridhika. Andika ilifika."

Kisha akajivuta mkekani, akasogea, akaacha nafasi karibu yake. "Njoo ukae huku, mama," akamwambia Subilaga. "Huko kunavuja."

Kabla ya jioni amri ilitoka. Mashine zote za wilaya zizimwe mpaka kila kitongoji kirekebishwe.

*

Walimvua Tumpe cheo lakini wakamwachia kazi, maana hakukuwa na mwingine aliyejua kanuni ile ilikojificha. Alikaa karakanani, kitongoji baada ya kitongoji, akitoa mabanda na viwanja na makanisa kutoka chumba cha tatu, na mahali pake akiweka sentensi moja: Sijasikia ni kwa nani, nisaidie. Kwa wakamwana aliweka njia ya pili, ya kusema nyumba kwa mti wake au kwa jina la mtoto mkubwa. Ilikuwa kazi rahisi. Ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba ilikuwa rahisi kiasi kile na angeweza kuifanya tangu mwanzo, kama angemuuliza mtu mmoja tu aliyeolewa.

Kazi ilikuwa imefika katikati Nkwabi alipokuja, safari hii akabisha hodi.

"Kuna mama kule Masoko," alisema. "Walimbeba kwa machela. Walikwama kwenye mto mpaka maji yalipopungua." Alitazama ndoano tupu za ukutani. "Mtoto yupo. Mama hayupo."

Tumpe alisubiri amwambie nilikuonya. Badala yake Nkwabi aliuliza kama ana chai, akajimiminia mwenyewe, akanywa akiwa amesimama.

"Anaitwa nani?" Tumpe aliuliza.

"Sikuuliza."

"Niulizie, bosi."

Jina lilikuja kesho yake. Aliliandika kwa chaki juu ya meza ya kazi, na kila asubuhi kabla ya kuanza alilisoma. Hakumwambia mtu kwa nini. Wala hakupata jibu kama angefanya vingine. Baadhi ya siku alidhani ndiyo, siku nyingine alimkumbuka Subilaga akihamishiwa sehemu isiyovuja, akadhani hapana.

Mashine zilipowashwa tena alikwenda nyumbani. Watoto walikuwa shule. Alimkuta Subilaga ndani ya kile kinyumba kidogo, madirisha yote wazi, anafagia. Alikuwa ameingia bila kukohoa. Hakukuwa na wa kumkoholea.

"Ugonile, wifi," Tumpe alimsalimu.

"Ndaga. Karibu. Kuna vumbi."

Tumpe aliketi kwenye kiti cha baba yake. Aliona kile kiko cha tumbaku dirishani, na bakuli moja limeoshwa, limefunikwa. Alijua amekuja kusema nini. Alikuwa amelisema njiani mara nyingi, kila mara kwa namna nyingine.

"Vile vidole," alisema. "Gotini. Hakuwa amekasirika."

Subilaga aliacha kufagia.

"Alikuwa akitufanyia hivyo tukiwa wadogo, tukikwama kusoma. Maana yake endelea. Siku ya majaribio alinifanyia mimi, niliposhindwa kutaja jina. Alikuwa anakwambia ulitaje, wifi. Alikuwa anakupa ruhusa."

Kwanza Subilaga hakuelewa. Kisha uso wake ukafunguka, akaweka kiganja mdomoni, akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Baba wa watu," alisema. "Baba wa watu, na mimi namwogopa." Alijifuta kwa ncha ya khanga. Tumpe alikuwa hajamwona akicheka tangu msiba, na kwa muda kidogo alifikiri labda mambo yataishia hapo.

Ufagio ukaanza tena, mara mbili, tatu. Ukasimama.

"Nilimkuta anagonga," Subilaga alisema.

"Ndiyo."

"Nilipokuwa nimempa mgongo. Ile mara ya kwanza." Alikuwa anautazama ukuta aliokuwa ameutazama siku ile. "Alianza lini, wifi?"

Jibu zuri lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Tumpe. Alianza ulipogeuka tu. Lingeingia mahali pale patupu, lingekaa vizuri, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuona kwamba limewekwa na fundi.

"Sijui," alisema.

Subilaga aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa akikitarajia. Hakulia tena. Baadaye alimwomba wifi yake ainue miguu, akafagia chini ya kiti.